MILELE BILA FUNDI NI NENO TUPU

Maoni ya Mhariri



Wazee waliofanya kazi katika bandari ya Kisumu wanaijua meli Victoria, iliyoanza kubeba abiria ziwani mwaka 1961. Meli ile iliundwa katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, kando ya mto Clyde. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa huku kwetu, ikaunganishwa tena Kisumu. Basi mikono ya mafundi wa Glasgow na mikono ya mafundi wa Kisumu ilishika chuma kimoja.

Leo twataka kusema habari za jambo jingine la mji ule. Si meli wala si reli, bali ni bustani. Msicheke. Bustani hii inatuhusu, na mtaona sababu kabla hatujamaliza.

Karibu na katikati ya mji wa Glasgow, upande wa mashariki, kuna uwanja mkubwa wa majani uitwao Glasgow Green. Uwanja huo ni mali ya umma tangu zamani sana. Watu wa mji walichunga ng'ombe pale, wakafua nguo na kuzianika, na mara nyingi wafanyakazi wamekusanyika pale wakiwa na shauri la kuzungumza. Ndani ya uwanja huo Baraza la Jiji lilijenga jumba la mawe mekundu, likaitwa People's Palace, yaani Jumba la Watu. Nyuma yake ikaunganishwa nyumba kubwa ya vioo na chuma iitwayo Winter Gardens, maana yake Bustani za Wakati wa Baridi. Jumba hilo na bustani hiyo vilifunguliwa tarehe 22 Januari 1898. Aliyefungua alikuwa Lord Rosebery, ambaye hapo nyuma alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Alitangaza kwamba jumba limefunguliwa kwa watu milele na milele.

Lishikeni neno hilo "milele". Tutalirudia.

Kwanza tueleze kwa nini watu wa mji ule walihitaji nyumba ya vioo. Kwao mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa 3 kasorobo ya asubuhi na kuzama kama saa 10 kasorobo ya alasiri. Mchana wote ni kama saa 7 tu, tena mara nyingi ni mawingu na mvua ya baridi. Katika miaka ile mji ulikuwa umejaa moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani na majumbani. Mtu aliamka gizani, akaingia kiwandani gizani, akatoka gizani, akarudi katika chumba kimoja alicholala pamoja na watu wengi. Jani la kijani hakuliona kwa miezi mingi.

Nyumba ya vioo ni dawa ya shida hiyo. Mwanga wa jua hupita katika kioo ukaingia ndani, ukapasha joto udongo na mimea, na joto lile halitoki upesi kwa sababu kioo kinazuia hewa ya moto kupanda na kupotea. Jua likishindwa, boila husaidia kwa maji ya moto yanayopita katika mabomba. Hivyo mitende na mimea mingine ya nchi za joto, ambayo nje ingekufa usiku mmoja, yaweza kukua ndani. Zamani nyumba kama hizo zilikuwa za mabwana wakubwa, maana serikali ya Uingereza ilitoza kodi juu ya kioo. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 1845 bei ya kioo ilishuka, na miji ikaanza kujenga nyumba za vioo kwa ajili ya raia wote.

Wenzetu wanaofanya kazi Naivasha katika mashamba ya maua hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wanaijua grinihausi kuliko mhariri huyu. Wanajua jasho lake, wanajua dawa zinazopulizwa, wanajua namna ua linavyotunzwa lisiguswe na baridi wala upepo. Lakini tazameni tofauti. Grinihausi ya Naivasha imejengwa ili ua lipate raha na mwenye shamba apate faida. Mfanyakazi yumo ndani kwa saa zake za kazi, na saa zikiisha atoke. Nyumba ya vioo ya Glasgow ilijengwa ili mfanyakazi mwenyewe aingie baada ya kazi, akae juu ya benchi, apate joto, anywe chai, na watoto wake waone mti wenye majani katikati ya Januari. Elimu ya kujenga ni ile ile. Nia ndiyo tofauti.

Yafaa pia tujue ni watu gani walikaa karibu na uwanja ule, maana zawadi haieleweki mpaka umjue aliyepewa.

Karibu na Glasgow Green kuna mtaa wa Calton. Mwaka 1787 wafumaji wa nguo wa Calton waligoma kwa sababu matajiri walipunguza malipo yao. Mwezi Septemba askari waliwapiga risasi, na wafumaji 6 wakafa. Hilo lilitokea zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini ndani ya Jumba la Watu halikusahauliwa. Mwaka 1987, miaka 200 ilipotimia, mchoraji Ken Currie alichora picha kubwa za historia ya wafanyakazi wa mji ule, na picha hizo zikawekwa pale juu, chini ya dari.

Tena, kando ya uwanja huo huo kuna jengo lililokuwa kiwanda cha mazulia cha Templeton. Wenye mali walitaka ukuta wa mbele uwe wa fahari, wenye rangi na nakshi kama jumba la watawala wa Venice, kwa kuwa kiwanda kiliutazama uwanja wa umma. Tarehe 1 Novemba 1889, ukuta huo ukiwa bado unajengwa, upepo mkali uliuangusha juu ya mabanda ya wafumaji waliokuwa wakifanya kazi nyuma yake. Wanawake na wasichana 29 walikufa. Baadaye ukuta ulijengwa upya na kumalizika, na hata leo wageni husimama kuusifu kwa uzuri wake. Sisi hatusemi si mzuri. Twasema tu kwamba uzuri ule haukuwa wa wale waliokuwa nyuma yake.

Zaidi kidogo ya miaka 8 baada ya maafa hayo, Jumba la Watu na bustani yake ya vioo vikafunguliwa, si mbali na kiwanda kile. Hapo basi palikuwa na uzuri wa namna nyingine, ambao mfumaji wa zulia angeweza kuuingia kwa mlango wa mbele.

Halafu kuna habari ya mwaka 1919. Vita kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha na askari walikuwa wakirudi kutafuta kazi. Wafanyakazi wa Glasgow waligoma wakidai saa 40 za kazi kwa juma, ili kazi iliyopo igawanywe kwa watu wengi zaidi. Tarehe 31 Januari maelfu yao walikusanyika katika uwanja wa George Square, mbele ya ofisi za Baraza. Polisi waliwashambulia kwa virungu. Wengi walielekea Glasgow Green, na huko nako wakapambana na polisi. Serikali ikaleta askari wa jeshi mjini, na vifaru pia. Viongozi wawili, William Gallacher na Emanuel Shinwell, walifungwa jela.

Sasa tuulize: watu wale walidai nini? Hawakudai fedha tu. Walidai saa. Walitaka sehemu ya siku iwe yao wenyewe. Na mtu akishapata saa zake, yampasa kuwa na mahali pa kuzitumia. Akikosa mahali, saa zile huishia katika kilabu cha pombe au katika chumba kisicho na dirisha. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaosema kwamba habari za bustani si kazi ya chama cha wafanyakazi. Husema, "Tupeni mshahara, maua tutajinunulia." Maneno haya yana ukweli ndani yake, maana mwenye njaa hashibi kwa kutazama mtende. Lakini mshahara wa kibarua hata ukiongezwa mara mbili hautamjengea nyumba ya vioo. Kuna vitu ambavyo tajiri hununua peke yake, na mfanyakazi hawezi kuvipata ila kwa pamoja: shule, hospitali, maji safi, na mahali pa kupumzikia. Vitu hivyo ni mshahara usioandikwa katika karatasi ya malipo. Vikichukuliwa, mshahara umepunguzwa, hata kama hakuna senti iliyokatwa.

Katika jumba lile kuna habari moja ambayo itawafurahisha wanachama. Jumba lilikuwa na panya, na mwaka 1979 akaletwa paka jike jina lake Smudge kuwashughulikia. Watumishi walitaka aandikishwe katika chama. Chama kimoja cha makarani kilimkataa. Chama cha GMB kilimpokea awe mwanachama kamili. Basi kama kuna mfanyakazi katika kiwanda chenu ambaye bado hajajiandikisha, mwambieni kwamba hata paka wa Glasgow alijua faida ya chama kabla yake.

Sasa turudi kwenye lile neno.

Nyumba ya vioo haifanani na nyumba ya mawe. Mawe ukiyaacha miaka 10 utayakuta. Kioo hushikwa kwenye fremu kwa gundi, na gundi huchoka kwa baridi na joto. Chuma hushika kutu kwa sababu ndani mna unyevu siku zote. Boila huharibika. Kioo kimoja kikilegea, kitamwangukia mtu kichwani. Kwa hiyo nyumba ya namna hii yataka fundi mwenye ngazi kila mwaka, na mtunza bustani kila siku, pamoja na Jumapili na siku za sikukuu, maana mimea haina likizo.

Bustani ya Glasgow ilipita katika misukosuko mingi. Mwaka 1998 iliungua moto, ikatengenezwa. Lakini ilipofika mwisho wa mwaka 2018 Baraza la Jiji liliifunga kwa sababu gundi inayoshika vioo ilikuwa imekwisha nguvu, na gharama ya matengenezo ilikuwa mamilioni ya pauni. Hata jumba la mawe lilifungwa kwa muda, kwa kuwa njia ya kutokea watu wakati wa hatari ilipita katika bustani. Jumba likafunguliwa tena, bustani haikufunguliwa. Mwezi wa Aprili 2024 jumba lote lilifungwa ili kuanza ukarabati mkubwa, pamoja na nyumba ya vioo. Hesabuni wenyewe. Zaidi ya miaka 5 ilipita kati ya kufunga bustani na kuanza kazi hiyo.

Hivyo "milele" ya mwaka 1898 ilidumu karibu miaka 121, kisha ikasimama kwa ajili ya gundi.

Katika mji huo huo, upande wa magharibi ambako watu wenye nafasi zaidi walijenga nyumba zao, iko nyumba nyingine ya vioo iitwayo Kibble Palace. Hiyo nayo ilizeeka. Lakini ilifunguliwa fremu kwa fremu, ikatengenezwa kwa gharama ya kama pauni milioni 7, ikafunguliwa tena mwaka 2006. Hatusemi kwamba mtu fulani alikaa ofisini akaamua kuwapendelea wa magharibi. Lakini jambo hili linaonyesha kwamba kioo cha zamani chaweza kutengenezwa ikiwa fedha zimetolewa mapema. Mzee wa vioo wa magharibi alipata daktari. Mzee wa mashariki aliambiwa angoje.

Kuna jambo gumu hapa, nasi hatutalikwepa. Mwezi wa Oktoba 2018, miezi michache kabla bustani haijafungwa, wanawake zaidi ya 8,000 walioajiriwa na Baraza la Glasgow na idara zake waligoma kwa siku mbili. Walikuwa wafagiaji, wapishi wa shule na walezi wa wazee na wagonjwa majumbani. Walikuwa wamelipwa chini ya wanaume wa kazi zenye thamani sawa, na shauri lao lilikuwa limevutwa zaidi ya miaka 10. Wanaume wa kuzoa takataka wengi walikataa kuvuka mstari wa wagomaji. Ule umoja ulikuwa mzuri. Mwezi wa Januari 2019 Baraza lilikubali kulipa zaidi ya pauni milioni 500, na likaweka majengo yake makubwa rehani kwa njia ya kuyauza na kuyakodi tena ili kupata fedha hizo.

Akitokea mtu kuwaambia wanawake wale, "Mmeona? Nyinyi mmelipwa, na bustani imefungwa," mtamjibu nini? Sisi twajibu hivi. Deni lile halikuanza siku ya mgomo. Lilianza siku ya kwanza mwanamke alipopewa chini ya haki yake, likakua kila mwezi kwa miaka yote ambayo shauri lilicheleweshwa. Kama wangelipwa haki tangu mwanzo, hakungekuwa na mlima wa kulipa kwa mara moja. Tena gundi ya vioo haikuchoka kwa ajili ya mgomo wa siku mbili. Ilichoka kwa miaka. Madeni haya mawili ni ndugu: mshahara uliocheleweshwa na matengenezo yaliyocheleweshwa. Yote mawili hutokana na tabia moja ya kusema "mwaka ujao". Na anayelipa mwishoni ni yule yule, mwanamke mfagiaji, anayengoja haki yake na kukuta mlango wa bustani umefungwa. Wafanyakazi wasikubali kamwe kuchaguzwa kati ya mkate na jani la kijani, kana kwamba aliyeomba kimoja ameiba kingine.

Huku kwetu hatuna haja ya nyumba za vioo ili tuone majani. Mungu ametupa jua la bure. Lakini swali la ardhi ya umma katikati ya mji tunalijua vizuri. Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969, na mara nyingi wafanyakazi wamekusanyika pale Mei 1, Sikukuu ya Wafanyakazi. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akapinga, akatukanwa hata bungeni, lakini hakunyamaza, na mwishowe jengo halikujengwa. Glasgow yatufundisha sehemu ya pili ya somo hilo. Bustani yaweza kupotea bila adui wa wazi, bila ghorofa, bila mtu kuinyakua. Yatosha tu kwamba hakuna mtu aliyetengewa kazi ya kuitunza.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, wakati wowote mkubwa atakapokata utepe na kusema mahali fulani pamekuwa penu milele, pigeni makofi, maana adabu yataka hivyo. Kisha ulizeni maswali manne. Fedha za matengenezo ya kila mwaka zimeandikwa wapi? Watunza bustani ni wangapi, na je, wameajiriwa kwa kudumu au ni vibarua wa kufukuzwa jioni? Katika kamati inayosimamia, mfanyakazi ana kiti? Na ikiwa mlango utafungwa, nani atatoa sababu mbele ya watu, na kwa muda gani?

Yasipojibiwa maswali haya, hamkupewa bustani. Mmeonyeshwa tu.

Na msisahau kwamba mtunza bustani naye ni ndugu yetu. Anayemwagilia, anayefagia majani, anayepanda ngazi kutia gundi kwenye kioo, huyo ndiye anayeishika "milele" kwa mikono yake kila asubuhi. Akipunguzwa kazini ili kuokoa shilingi chache, wakubwa huandika katika vitabu kwamba wamepata akiba. Hawakupata akiba. Wamekopa, na watakaolipa ni watoto wetu.

Matawi yote yanaombwa kulizungumza jambo hili katika mkutano ujao. Kila tawi litazame mahali pa umma palipo karibu nalo, liulize maswali yale manne, na liandike majibu. Majibu yakija, au yasipokuja, tutayachapa hapa hapa.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI